Kitanda Kilichovuka Uwanja: Kwa Mama Yetu Philister Obuya

Mwaka mzima umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 15 Agosti 2006, ulipotutoka. Kaka yangu Nashon alisema niandike mistari mitano, tuweke na picha yako ya kilemba cheupe, iwe imetosha. Mistari mitano imenishinda. Wasomaji wa jarida la kanisa watatuvumilia. Nimechoka, na mtu aliyechoka hajui kufupisha.

Nimechoka kweli. Asubuhi nasafisha ofisi mjini, mchana niko na watoto, jioni napanda ngazi za jengo lile karibu na Mtaa wa Tom Mboya kwenda masomo yangu, na kichwa kinaangukia daftari kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe. Kuna siku nasema basi, naachia hapa. Halafu nazikumbuka siku zako ishirini na tano, naokota kalamu.

Ulikuwa mpishi wa shule ya msingi kule nyumbani Gem kwa miaka kumi na tisa. Watoto zaidi ya mia tatu, sufuria mbili ambazo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea ndani, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Ulikuwa ukionja mchuzi nyuma ya mkono, unafumba jicho moja, unasema, "Bado umelala huu." Hukula kabla mtoto wa mwisho hajapakuliwa. Hata hapo ulikula umesimama. Mtu akikukaribisha kwake ulisema umeshiba, na tumbo lako linanguruma tunalisikia. Ulijua kupakua, Mama. Kupakuliwa hukujua.

Ndiyo maana ugonjwa huu wa kansa ulikuonea mara mbili.

Juni 2003 ulikatwa titi la kulia hapa Nairobi. Daktari akasema kidonda kikianza kukauka utaanza mionzi, siku ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kukatiza. "Ukikatiza katikati, mama, tutakuwa tumefanya kazi nusu," alikuambia, nawe ukaitikia kwa kichwa kama mtoto anayetumwa dukani. Kurudi Gem kila siku haiwezekani. Kukaa Nairobi lazima. Lakini ukae wapi? Mtoto wako wa Nairobi nilikuwa mimi peke yangu, na mimi niliolewa, na chumba chetu cha Kangemi kilikuwa kimoja.

Wasomaji wa kwetu wameshaelewa. Kwa wengine niseme: kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake wa kiume. Hawakai meza moja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo wewe na Zadock wangu mliibeba kama yai.

Mwihaki akasikia. Ni jirani yetu wa mlango wa mbele, Mama Shiku, anayeuza mitumba pale soko la Kangemi. Yeye ni Mkikuyu na mambo yetu hakuyajua. Alipoelezwa alicheka, kisha akaona hatucheki. "Basi si alale kwangu?" akasema. "Shiku yuko shule ya bweni. Mimi nina kitanda kimoja na viti viwili. Viti nilivizoea kabla hata sijazaa." Hivyo Mama Shiku akalala kwenye viti, nawe ukalala kwenye kitanda chake ukimwomba msamaha kila asubuhi, mpaka akakuambia, "Mama Nashon, ukiniomba msamaha tena nakutoza kodi."

Nilikuosha kidonda kila siku kabla ya kwenda kazini. Mara ya kwanza nilitazama ukutani. Uliniambia kwa upole, "Mwanangu, usiulize ukuta. Tazama kidonda, ndicho kitakachokuambia." Nikatazama. Tangu siku hiyo sijaogopa kitu kinachoweza kuoshwa.

Na mkono. Mkono wa kulia ulikuwa hauinuki. Muuguzi alikufundisha kutembeza vidole ukutani kama buibui, kila siku juu zaidi kidogo. Ukawa unaweka alama ya makaa pale vidole vilipofika. Muchiri, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akaja kulalamika. "Mama, hii ukuta tulipaka rangi Disemba." Hukugeuka hata. "Muchiri, mkono ukifika juu ya dirisha nitaipaka mimi mwenyewe." Akeyo wangu alikuwa na miaka minne. Akawa anapandisha vidole vyake kando ya vyako, na kila siku wewe ulishindwa kwa kupenda.

Zadock ni fundi wa mabomba. Siku hizo alikuwa na kazi mtaa wa Karen, na jioni akirudi anasimama katikati ya uwanja, mgongo kwenye mlango wa Mwihaki, anasema kwa sauti: "Ivyne, mwambie mama nimemsalimu. Muulize leo mashine ilikuwaje." Nawe kutoka ndani, hatua nne tu: "Ivyne, mwambie baba Akeyo jiko la hospitali limenikaanga upande mmoja, kesho wanigeuze." Mimi niko kati na karai la nguo, sijafungua mdomo. Jioni moja Mwihaki alinisimulia kwamba nikiwa darasani mjini mliendelea hivyo hivyo. "Ivyne, mwambie." "Ivyne, mwambie." Aliwaambia, "Jamani, Ivyne hayuko!" Naye Zadock akasema, "Ivyne, mwambie mama usiku mwema."

Hizo ndizo siku kumi na moja za kwanza.

Siku ya kumi na mbili niliharibu mimi. Niruhusu niandike hapa, Mama, maana hukuwahi kunitaja kwa watu.

Tulirudi kutoka hospitali mapema kuliko kawaida. Ile mionzi ilikuwa imekumaliza, miguu inakutetemeka, midomo mikavu. Mlango wa Mwihaki ulikuwa umefungwa, naye yuko sokoni na ufunguo ni mmoja. Nikakuingiza kwetu. Ulikataa. Nikakusukuma taratibu, nikakulaza juu ya kitanda chetu, nikakuvua viatu. Nilijiambia kitanda ni mbao. Zadock yuko Karen hadi jioni, nani atajua?

Kazi ya Karen iliisha saa nane. Zadock alifunua pazia akisema, "Mama Akeyo, kuna chai?" Akakuona. Mfuko wa spana ulimtoka mkononi ukaanguka sakafuni, na wewe ukaamka kwa ule mlio. Alitoka akitembea kinyumenyume. Wewe ukatoka nje bila viatu, ukaketi juu ya debe kando ya bomba, ukajifunika leso uso mzima mpaka Mwihaki akarudi.

Asubuhi nilikuta mfuko wako umefungwa.

"Narudi nyumbani," ulisema.

"Mama, zimebaki siku kumi na tatu."

"Nina miaka hamsini na sita. Sijawahi kumvunjia mtu heshima namna hii. Nimelala juu ya kitanda cha mkwe wangu! Hata wifi zangu waliokufa wamesikia."

Nililia, nikapiga magoti, nikakukumbusha daktari. Ulikuwa unafunga tu leso ya kichwa. Mwihaki ndiye aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Nashon. Kansa hukuikimbia. Unakimbia kitanda?"

"Kansa si mkwe wangu," ulimjibu.

Siku hiyo ulikubali kwenda hospitali kwa sababu basi la Gem lilikuwa la jioni. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikihesabu. Kumi na mbili baada ya leo. Nikajua sitazipata.

Tuliporudi, uwanjani kulikuwa na mlio wa nyundo. Zadock hakuwa ameenda kazini. Yeye na Muchiri walikuwa wamefungua kitanda chetu, mbao moja moja, wanakivusha uwanja kwenda kwa Mwihaki. Wapangaji wote wametoka kutazama. Muchiri alikuwa ananung'unika kuhusu fremu ya mlango, na Zadock anamwambia, "Shika tu, utanung'unika tukifika." Walikiunga upya chini ya zile alama zako za makaa, wakaweka na godoro. Kisha Zadock akatoka, akasimama pale pake pa kila siku, akatupa mgongo.

"Ivyne, mwambie mama, kwetu alipolala mkwe pamekuwa pake. Hicho kitanda si changu tena. Akitaka aende nacho Gem, aende nacho. Akikiacha hapa kitamngoja. Lakini mtu hakimbii kitanda chake mwenyewe."

Hata kina mama wa pale bombani walifunga maji.

Mwihaki akakupa ufunguo. Alikuwa amechonga wa pili asubuhi hiyo hiyo pale stejini, kwenye kituo cha basi. "Na huu ni wako. Nikipoteza wangu, nitabisha unifungulie."

Uliugeuza ufunguo mkononi. Nilikuona unatafuta njia ya kukataa, kama ulivyokataa sahani za watu maisha yako yote. Mwisho ukasema, "Ivyne, mwambie baba Akeyo nimesikia. Na yeye atalala wapi?"

"Mwambie chini kuna nafasi kubwa. Hata nyumba yenyewe iko chini."

Ukafungua mfuko wako.

Tulilala juu ya katoni na mkeka mpaka Zadock alipounganisha kitanda kingine kwa mbao za Karen. Mgongo uliniuma, sitasema uwongo. Lakini ulizimaliza, Mama. Zote ishirini na tano. Ngozi ya kifua imekuwa nyeusi kama sufuria ya nje, huwezi kumeza ugali, lakini ulizimaliza. Siku ya mwisho hukutaka kurudi Kangemi moja kwa moja. Ulitaka maonyesho ya kilimo ya Jamhuri. Tulitembea Barabara ya Ngong tukipumzika kila mti, ukaenda kusimama mbele ya fahali mmoja mkubwa, ukamtazama, ukasema, "Huyu anatosha shule nzima, na jioni anabaki."

Kulikuwa bado na jambo la nguo. Hukutaka kuingia kanisani upande mmoja umelala. Mwihaki akakata mkono wa sweta ya mitumba, akashona kifuko, akajaza mtama, maana pamba ni nyepesi, inapanda hadi shingoni. Ukavaa Sabato mbili, ukapendeza. Wiki iliyofuata, Mwihaki kwa wema wake akakifua kile kifuko na mtama ndani, akakianika chini ya paa siku za manyunyu. Siku ya nne tulikikuta kimeota. Vichipukizi vimetoboa sufu, vimesimama. Ulikishika, ukakigeuza, ukasema polepole, "Mimi, Msabato wa kubatizwa, nimeotesha kimea cha pombe kifuani." Ukaanza kucheka. Ulicheka ukishika kidonda, "Wuololo, mshono, mshono," na bado unacheka. Tangu Juni hatukuwa tumesikia kicheko hicho. Zadock kutoka upande wa pili aliuliza, "Ivyne, kuna nini?" na hakuna aliyeweza kumjibu. Cha pili Mwihaki alikijaza vifungo vya mashati. Kilidumu. Ukicheka kililia kama kayamba.

Watu hudhani baada ya hapo ulikuwa unangoja tu. Si kweli, na hili ndilo ninalotaka lisomwe na mgonjwa yeyote atakayeshika jarida hili.

Ulirudi jikoni kwako shuleni. Mkono wa kulia ulikuwa unavimba, basi ukajifundisha kukoroga kwa wa kushoto, na mwiko mwingine ukampa msichana wa kukusaidia, ukimkemea kwa furaha. Wanawake wakaanza kuja nyuma ya jiko kwa siri, kila mmoja na uvimbe wake na hofu yake. Uliwafungulia blauzi. "Tazama. Ni mstari tu. Hata shamba lina mistari." Wanne kati yao uliwaleta Nairobi wewe mwenyewe, na wote walilala kwenye kitanda kile kwa Mwihaki. Wawili wako hai hadi leo. Tangu ulipoondoka hakijakaa bure. Ninapoandika haya kuna mama wa Ugenya, leo siku yake ya tisa. Nimemwosha kidonda asubuhi. Anamwomba Mwihaki msamaha kila siku, na Mwihaki anamtishia kodi.

Mwaka 2005 ulipokuja kliniki, msichana mmoja wa chuo kikuu alikuwa anawauliza wagonjwa maswali ya utafiti. Alikuwa mpole, na fomu ndefu.

"Mama, kwa jumla umeridhika na maisha yako? Kutoka moja hadi saba."

"Mwanangu, ukitaka kujua kama chakula kimetosha, unaangalia sufuria au unaangalia watoto?"

Alifikiri. "Watoto?"

"Basi njoo shuleni kwetu saa saba mchana."

"Nitakuja, mama. Lakini fomu inataka nambari."

Ulinitazama, ukatazama dirisha. "Andika sita. Moja niachie ya kunung'unika."

Njiani nilikuuliza ulikuwa unatania au vipi. Ulisema, "Zamani ningesema tatu. Nilikuwa sijui kama nikianguka kuna mtu."

Julai mwaka jana ugonjwa ulirudi, sasa kwenye mifupa ya mgongo. Ulikuja ukasema umekuja kupimwa tu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi moja ya Agosti, siku nne kabla hujatutoka, uliketi uwanjani kuota jua, ukataka kuinuka, miguu ikakataa. Teksi tuliyoita haiwezi kupita mtaro wa langoni, iko kule barabarani. Mimi siwezi kukuinua. Goti la Mwihaki ni bovu. Zadock alisimama mlangoni kwetu ameinamisha kichwa, mikono imemning'inia, fundi asiye na kifaa. Nawe ulitazama chini. Sijui tulikaa hivyo muda gani.

Ulianza, "Ivyne, mwambie baba Akeyo..." Ukaacha. Ukavuta pumzi.

"Zadock. Njoo."

Alikuja. Alipiga goti kwanza, kisha akakuinua mikononi, na Muchiri akatangulia akiinua kamba za nguo ili mpite.

"Si mkono huo, Zadock. Huo unauma."

"Pole, mama. Hapa je?"

"Hapo sawa. Nimekuwa mzigo."

"Wewe ni mwepesi, mama."

"Usinidanganye. Mimi ni mpishi."

Kifua chako kikalia vifungo, mikononi mwake, mpaka barabarani.

Mtoto alizaliwa Oktoba, msichana. Tumempa jina lako. Anakula vizuri na anakubali kulishwa na mtu yeyote. Mitihani yangu ni mwaka ujao, na nitaifanya, hata nikiandika nimesimama.

Wanaokukumbuka ni mwanao Nashon na mkewe. Mimi binti yako Ivyne. Wajukuu wako Akeyo na Philister mdogo. Dada yako Mwihaki wa Kangemi, pamoja na Shiku. Walimu, wapishi na watoto wa shule. Na wale wanawake wawili. Zadock nilimuuliza nimwandike vipi, kama anataka niandike "mwanao", maana mwishowe ulimwita jina. Alifikiri sana, akiwa na spana mkononi.

"Hapana," akasema. "Wana anao, Nashon yuko. Niandike mkwe. Mkwe wa kiume alikuwa naye mmoja tu."

Basi, na Zadock, mkwe wako. Hakuna siku tutakayopewa ambayo hutakuwamo, Mama.